Tusiwatimue Heroe kwa Ajili ya Picha

Desturi ya kuwatimua heroe wa Ziwa Bogoria ili wapigwe picha wakiruka haina budi kukomeshwa. Ndege humpa mgongo anayemkimbia. Basi mpiga picha huambulia mikia, nao heroe hukatizwa mlo wao wa mwani.

Kwangu mimi mwanaisimu, picha ni sentensi: ndege ndiye kiima, na nafasi iliyo mbele ya mdomo wake ndiyo kiarifu. Mpiga picha na ainame hadi usawa wa jicho la ndege, alenge jicho hilo, aache uwazi mbele yake, kisha angoje. Heroe ataruka kwa hiari yake, na kamera iliyowekwa kasi ya 1/1000 ya sekunde itayanasa mabawa. Subira huvuta heri, ndugu msomaji.