Shujaa Asiye na Kitovu

Wako watu katika vyuo wasemao kwamba mchezo wa majabari, uchezwao katika kompyuta na watu wengi kwa wakati mmoja, ni upuuzi mtupu. Kwamba humwibia kijana saa zake, humlegeza akili, na mwisho humwacha mikono mitupu. Hukumu hii ni nyepesi kama pumba. Waitoao hawajauingia mchezo wenyewe, na hakimu asiyesikiliza shahidi hana tofauti na mchongezi. Mchezo huu una kosa, tena kosa kubwa, walakini si hilo walitajalo. Na wenye sehemu kubwa katika kosa hilo ni wao wenyewe.

Kwanza na utazamwe mchezo kama ulivyo. Mfano mzuri ni City of Heroes, uliotolewa Marekani mwaka 2004. Mchezaji aingiapo hapewi shujaa aliyekwisha tengenezwa; humwumba. Huchagua asili ya nguvu zake, kama ni uchawi, sayansi, ufundi wa mitambo, mageuzi ya mwili, au mazoezi ya mtu wa kawaida. Huchagua kimo, sura, mavazi na rangi, kisha humpa jina. Halafu hutoka katika njia za mji uitwao Paragon City, akakutana na majabari wengine, na nyuma ya kila mmoja wao yuko mtu hai, pengine mwanafunzi, pengine mlinzi wa zamu ya usiku.

Kazi zilizo kubwa humshinda mtu mmoja. Huyu hupokea mapigo, yule huponya, wa tatu humfunga adui, wa nne hupiga kutoka mbali. Katika kanuni za asili za mchezo huo aliyeangushwa hakufa. Aliamka hospitali akiwa na deni, na sehemu ya sifa alizochuma baadaye ililipia deni hilo mpaka likaisha. Mwenye nguvu nyingi aliweza kumwinua rafiki yake mchanga karibu na kipeo chake, wakapigana bega kwa bega. Hata joho halikuvaliwa siku ya kwanza. Lilingojewa mpaka daraja la 20. Deni, msaada na subira si upuuzi. Mwalimu akiyaandika mambo haya ubaoni huitwa mwadilifu. Yakionekana katika kioo cha kompyuta huitwa uharibifu.

Basi kosa liko wapi? Liko katika shujaa mwenyewe: hana kitovu. Waswahili hutambua kwamba kwao mtu ni pale kitovu chake kilipozikwa. Jabari wa mchezo huu hakuzikwa kitovu po pote. Hana mama wa kumlilia wala mzee wa kumwonya. Waovu awapigao njiani hurudi baada ya dakika chache mahali palepale, maana mchezo hauwezi kuendelea pasipo wao. Huokoa mji usiookoka. Ushujaa wake, kwa uzuri wake wote, ni maji katika pakacha.

Na alinganishwe na Fumo Liyongo wa utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Hapakuwa na silaha iliyoweza kumwua ila sindano ya shaba katika kitovu, na aliyeitia ni mwanawe mwenyewe, aliyehadaiwa kwa ahadi za mfalme wa Pate. Liyongo alijikokota mpaka kisimani, akapiga goti, akautega upinde wake, akafa vivyo hivyo. Watu wakaogopa kuteka maji, na mama yake akaja kumsihi akidhani ana hasira. Hapa pana mji, kisima, tamaa ya cheo, usaliti wa damu na mapenzi ya mama. Nguvu za Liyongo zina uzito kwa sababu pana mahali ambapo kifo chaweza kuingia.

Sasa na aangaliwe kijana wa Mabamba, wilayani Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi. Nyumbani husemwa Kiha. Shuleni husomwa Kiswahili. Mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipoanza, watu wengi walivuka mpaka, wengine wakapitia Mabamba, wakaelekea kambi za Nyarugusu na Nduta. Mtoto wa Mabamba wa mwaka ule hakuhitaji kufundishwa shujaa ni nani. Shujaa alivuka mpaka na mwana mgongoni. Na nyanda hizohizo za juu zina kumbukumbu ya Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru, huko Kasulu, kabla uchifu haujafutwa mwaka 1963.

Kijana huyu akitaka kuingia katika mji wa majabari, kwanza hudaiwa kompyuta na mtandao usiokatika. Mwenye simu ndogo hubaki nje. Akivuka kizuizi hicho, huvuliwa mlangoni vitu viwili: lugha yake na habari zake. Mji si wake, adui si wake, na maagizo ni ya Kiingereza. Champions Online wa mwaka 2009 na DC Universe Online wa mwaka 2011 haikumfungulia lango jingine. Aweza kuruka juu ya mapaa ya Marekani. Hawezi kuruka juu ya vilima vya Kibondo.

Je, Mmarekani alaumiwe? La. Yeye aliimba wimbo wa kwao, wala hakumziba mtu kinywa. Wa kulaumiwa ni wataalamu wa Kiswahili waliomtia Liyongo katika gereza la pili. Katika gereza la kwanza alitoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Katika gereza la mitihani hapana aliyempelekea mkate. Mwanafunzi huulizwa mizani na vina, akajibu, akapata alama, akasahau. Kisha jioni akimfuata shujaa wa kigeni, walimu walewale husikitika kwamba vijana hawaupendi urithi wao.

Watajitetea kwamba fedha hakuna na lugha haitoshi. Lugha iliyotaja kila kamba ya jahazi na kila pepo za mwaka haitashindwa kutaja vifaa vya jabari. Ama fedha, ni kweli mji mkubwa wa mtandaoni una gharama kubwa. Lakini kisa, wahusika na maneno yao havinunuliwi dukani, na hiyo ndiyo kazi ya vyuo. Mkenya Wesley Kirinya na Mghana Eyram Tawia walianzisha Leti Arts, wakautoa mchezo wa simu wa Africa's Legends, wenye kina Ananse na Shaka. Hawakungoja utajiri ndipo waanze.

Liko onyo moja zaidi. Tarehe 30 Novemba 2012 mwenye mali, kampuni ya NCsoft ya Korea Kusini, aliuzima mji wa City of Heroes. Wachezaji walikwisha kukusanyika na mienge katika Atlas Park kumsihi. Hakuubadili uamuzi wake. Mwaka 2019 ikafichuka kwamba wapenzi wa mchezo walikuwa wameufufua kwa siri, na Januari 2024 mwenye mali akalipa idhini kundi la Homecoming. Mambo mawili yadhihirika. Akaaye katika nyumba ya mwingine huweza kutolewa usiku wo wote, hata akiwa shujaa. Na kitu kilichoumbwa kwa mikono ya watu wengi hakizikiki kwa urahisi.

Kijana wa Mabamba anastahili mji usioweza kuzimwa na mgeni, na shujaa aliye na kitovu. Vyuo na vichague: ama vimpelekee Liyongo mkate wenye tupa, ama viache kumcheka kijana atafutaye shujaa kwa jirani.