Jua la Uvira halikusaini mkataba

Wanainchi wa Uvira,

Mwezi wa nane tulisimama kando ya kazi ya kaniva ya maji ya mvua, hapa mjini, tukaangalia. Saa sita kamili. Kokoto zimelala juani tangu asubuhi, ferabeto haishikiki kwa mkono, upepo wa kiangazi unapuliza. Beto ikaanza kushika ndani ya brueti. Kapita akasema: ongezeni maji. Wakaongeza. Jioni wakaenda zao. Kesho yake hakukuwa hata gunia moja bichi juu ya kazi ile, na wiki haikuisha, nyufa zikaonekana. Tulipouliza, jibu likawa: «Ni jua, mutafanya nini?»

Tunakataa. Beto haikauki kama nguo kwenye kamba. Simenti inakunywa maji, ndipo inageuka jiwe. Joto likizidi, inashika mbio; upepo ukiyabeba maji ya juu, uso unapasuka ungali mchanga. Na yale maji ya kulainisha, yakishatoka, yanaacha vitundu ndani na nguvu inapungua. Kwa macho hauoni kitu. Mvua ikirudi, maji yanapita katika ufa mpaka kwenye chuma. Chuma kinashika kutu, kinavimba, kinapasua beto toka ndani.

Kila injenieri anajua hayo. Kanuni nyingi za ujenzi haziruhusu beto mbichi ipite digrii 35 hivi. Kwa hiyo mwageni alfajiri, funikeni kokoto, loweshani kofraji, kisha magunia yenye maji, siku 7 angalau. Ni maji tu! Tanganyika imepanda mpaka vyumbani mwetu bila kuitwa, leo inashindwa kufika kwenye kaniva?

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 aprili 2020, Mulongwe iliacha njia yake. Watu makumi walikufa, nyumba kwa maelfu ziliharibika. Halafu mtu anatujengea ukuta wa kupasuka kabla ya masika!

Wala musiwatupie lawama vijana wa brueti. Wanalipwa kwa siku, na hata maji ya kunywa hawapewi. Aulizwe yule anayesaini.

Tunadai saa za kumwaga na siku za kumwagilia ziandikwe katika mkataba wa kila kazi ya umma, na mkataba ubandikwe pale pale kazini. Asiyemwagilia, asilipwe.

Kuanzia juma tatu tutapita kwenye kila shantie, saa sita. Bidoni zetu tutakuja nazo.