Zeze Katika Somo la Fizikia

Wengi hudhani kwamba muziki wa kale wenye kanuni ni mali ya Ulaya peke yake. Sivyo. Uko mji wa Bagamoyo, ambako marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa muziki wa Wagogo aliyefariki mwaka 2003, alifundisha katika Chuo cha Sanaa. Uzi wa zeze ukibanwa katikati, mkazo wake usipobadilika, mitetemo kwa sekunde huwa maradufu, na sauti hupanda oktava moja. Kanuni hiyohiyo hutawala fidla ipigayo nyimbo za Mozart. Kijana afundishwaye elimu ya sauti kwa mifano ya ugenini tu, huiona sayansi kuwa mgeni nchini mwake. Mwalimu na alete zeze darasani.