Waliorudi Hawakuomba Mbolezi

Imekuwa desturi katika visiwa hivi na mwambao wake kwamba kila anapotajwa mwanamke aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, malenga hushika kalamu akalia. Vina hutimia, mizani hazipungui, kituo hufungwa kwa dua. Mwenyewe aliyesafiri, akaosha, akapika, akalea watoto wa watu, kisha akarudi, hapewi hata ubeti mmoja wa kusema aliyoyajua huko. Ndani ya shairi huwa mtu wa namna mbili tu: ama maskini wa Mungu aliyeonewa, ama mtoto wa watu aliyeharibika kwa tamaa ya dhahabu. Malenga wa namna zote mbili wamemdhulumu, na yule wa kwanza zaidi, maana dhuluma yake imevaa kanzu ya huruma.

Mateso hayakanushiki. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017, kuhusu wafanyakazi wa majumbani kutoka Tanzania walioajiriwa Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyaeleza kwa vinywa vya wanawake wenyewe: pasi kushikwa na waajiri, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara kupunguzwa au kutolipwa kabisa, wengine kupigwa na kudhalilishwa. Utaratibu wa kafala umemfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, na Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2003 iliwaweka kando waziwazi watumishi wa majumbani. La kuuma zaidi kwa watu wa mwambao ni kwamba katika nyumba si haba za Maskati Kiswahili husemwa sebuleni, urithi wa familia zilizotoka Unguja na Pemba. Lugha moja haikuwa ngao.

Wala jambo hili si geni kwa historia ya hapa. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria, na ikawabidi wangoje hadi 1909. Aliye ndani ya nyumba ndiye wa mwisho kufikiwa na sheria, huko na huku.

Hata hivyo ripoti ile iliandikika kwa sababu wanawake walikubali kusema, tena wakijua watakavyotazamwa mtaani. Hilo washairi wamelipita kama wapita njia.

Wenye semina nao wana neno lao, "kuwawezesha". Mwenye kujali sarufi na alitazame. Kitenzi ni weza. Kikinyambuliwa kuwa wezesha, hudai mtenda mwingine, na mwanamke hubaki katika kiambishi cha yambwa, amekaa anasubiri. Basi huja mradi na cherehani, hupigwa picha, ikaandikwa kwamba amewezeshwa. Cherehani haina kosa. Lakini huyu ameendesha nyumba nzima kwa lugha aliyojifunzia jikoni, amegeuza riali kuwa shilingi kichwani kila mwezi, amejua kwamba mkataba uliotiwa saini nyumbani na ule anaowekewa mezani akishafika huenda visiwe kitu kimoja. Kumfundisha kushona foronya na kukuita huko kumfumbua macho ni utovu wa adabu.

Maarifa hayo hayalali. Binti wa mtaani anapojiwa na dalali, mwenye busara humpeleka kwanza kwa aliyerudi, kabla hata ya kwenda kwa sheha. Kwake husikia mambo yasiyo katika karatasi yoyote ya wakala: mshahara uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, nakala ya pasi iachwe kwa mama, nambari ya ubalozi ihifadhiwe moyoni, kwani simu inaweza kuchukuliwa siku ya kwanza, na aulizwe mapema nani atalipa tikiti ikiwa kazi itamshinda kabla ya miaka miwili kwisha. Haya ni mafunzo ya kweli, na mwalimu wake halipwi posho. Kiasi cha fedha alichookoa, kama kimebaki, huingia katika upatu na vikoba, kikawa mtaji wa shoga yake wa kuuza vitumbua au karo ya mtoto wa dada. Vyama vya wafanyakazi, CHODAWU kwa Tanzania na KUDHEIHA kwa Kenya, vimewaandikisha wafanyakazi wa majumbani kuwa wanachama, na wenye la kuwaambia wenzao humo ni hao waliokwishapita njia.

Isidhaniwe kwamba wote ni malaika. Wapo waliorudi wakageuka madalali, wakawapeleka mabinti wa jirani zao palepale walipokimbia wao, kwa ujira. Hao nao watajwe. Aliyepewa heshima ya kuwa mtu kamili hupewa na lawama yake.

Swali gumu zaidi ni kuhusu nyumba. Mwanamke hutuma fedha miaka minne, tofali juu ya tofali, akirudi hukuta ukuta umesimama katika kiwanja chenye jina la kaka au la mume, na pengine mke mwenzie ameshahamia. Wazee wanaokumbuka upesi kwamba hakufaa kusafiri bila maharimu, hukumbuka polepole mno kwamba sheria hiyohiyo ya Kiislamu humpa mwanamke miliki ya mali yake, asishirikiane nayo na mume wala ndugu asipotaka. Hapo sauti za mawaidha hushuka. Kiwanja kikiandikwa jina lake, hatahitaji semina.

Mji huu uliwahi kumsikiliza mwanamke aliyevuka bahari. Siti binti Saad wa Fumba alichuuza vyungu, hakusoma, akachekwa kwa sura na asili yake. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Safari yake haikuwa ya utumishi, na isitiwe humo kwa nguvu. Ila katika nyimbo zake mlikuwamo kesi na hukumu za mjini, mambo ambayo waungwana walipendelea yanong'onwe, na mji ukakaa ukasikiliza. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Nani leo anamwandikia wasifu aliyerudi kutoka Maskati?

Wengine wamefanya. Erwiana Sulistyaningsih wa Java alirudi kwao Januari 2014 akiwa na majeraha ya mwajiri wake wa Hong Kong. Mwishoni mwa mwaka huohuo akarejea Hong Kong kusimama mahakamani, na Februari 2015 mwajiri akahukumiwa kifungo cha miaka sita. Baadaye akasoma chuo kikuu na kuendelea kuwasemea wenzake. Na tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wafanyakazi wa ndani wa Kiindonesia huko Hong Kong wameandika hadithi fupi na mashairi yao, wakakutana Jumapili, siku yao ya mapumziko, wakachapisha vitabu, na wahakiki wa nchini mwao wakalazimika kuvisoma. Hawakungoja malenga awalilie.

Hapa kwetu lugha ya utenzi haijafa, na wenye kuimudu wamo katika waliosafiri. Mabaraza ya mashairi hayajawaita. Wanayoyatunga huyatuma usiku kwa sauti za simu, dada kwa dada, aliyeko Salala kwa aliyeko Makunduchi, na humo mna vijembe, mna hesabu za mshahara, mna nasaha kwa mtoto, mna majibu kwa mwifi. Hakuna aliyeketi kuzinukuu. Simu ikijaa, hufutwa.