Ukinunua Kiwanja Bara, Uliza Kabla ya Kukata Mti

Wafanyabiashara wa Kipemba na wa Kiunguja wameenea karibu kila mji wa Bara, na Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nao umo. Tangu lami ya kutoka Mpemba (sehemu ya mji wa Tunduma, si Mpemba wetu) ifike Isongole, mwendo wa kama kilomita 50, Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, si mbali tena. Barabara ikishafika, madalali wa viwanja hawako nyuma. Picha huletwa kwa simu: uwanja wa kijani, mistari ya miti, na bei.

Mtu wa visiwani akiiona miti ile, anahesabu mali. Kwetu mti ni mali peke yake. Ardhi ni ya Serikali, na baada ya Mapinduzi ya 1964 watu waligaiwa eka tatu tatu. Lakini mkarafuu au mnazi unaweza kuwa wa mtu asiye na shamba pale, akaurithisha au akauuza. Mjini mpaka wetu ni ukuta, na Mji Mkongwe ukuta mmoja huweza kubeba nyumba mbili. Ndiyo maana hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kutomzuia jirani kutia boriti katika ukuta wako tunaielewa bila ya kufafanuliwa.

Milimani Bara mti unaweza kuwa na kazi nyengine kabisa. Kilimanjaro hupandwa sale mpakani, na jani la sale hilohilo mtu hulibeba anapokwenda kuomba msamaha. Hakuna wa kuling'oa ovyo. Kwengineko alama ni tuta, mtaro, au kipande kilichoachwa bila kulimwa, na ramani yake imo vichwani mwa wazee na majirani. Sasa mgeni anafika, analipa, anasafisha kiwanja siku ya kwanza ili ajenge ukuta wa matofali kama wa kwao. Nia yake ni njema, lakini amefuta ushahidi wa watu wawili: wake na wa jirani. Imekuja katika hadithi aliyoipokea Muslim kwa Imam Ali (r.a.) kwamba anayebadilisha alama za ardhi amelaaniwa. Mafaqihi nao wameipa ada ya watu nafasi ya kuhukumu pale ambapo Sheria haikuweka kipimo. Kwa hivyo kujua alama za wenyeji ni jambo la dini pia.

Upande wa serikali, sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 ndizo zinazotumika Bara. Kiwanja kilichopimwa kina mawe yenye namba, na namba hizo huulizwa ofisi ya ardhi ya wilaya. Ardhi ya kijiji ina njia yake, hati ya hakimiliki ya kimila, na mtu asiye mkaazi hamilikishwi kwa karatasi ya dalali tu bila ya ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Hapa ndipo wengi wanapoingia shimoni.

Jengine la kuangaliwa Ileje ni maji. Wilaya hii inapakana na Malawi kwa Mto Songwe. Mpaka huo uliwekwa na Waingereza na Wajerumani katika mkataba wa 1890, mkataba uleule ulioitia Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza. Walioandika walidhani mto hukaa pahala pamoja. Ukishuka tambarare ya Kyela, Songwe huhama njia, na mkulima akajikuta shamba lake liko ng'ambo, hata Tanzania na Malawi zikaanzisha mpango wa pamoja wa kuutuliza. Ikiwa dola mbili zimehangaishwa na alama inayotembea, hati ya mauziano isemayo “hadi mtoni” haimfai mwenye kiwanja. Ipimwe kutoka jiwe lisilohama.

Na kabla ya pesa kutoka, nenda mwenyewe au mtume unayemuamini, azunguke pembe zote pamoja na majirani na wazee wa pale, na majina ya majirani hao yaandikwe ndani ya hati. Miti isiguswe mpaka wao waseme upi ni mpaka na upi ni kuni. Dalali asiyetaka majirani waitwe, arudishiwe picha zake.

Wallahu a'lam.