Halloween na Macho Mekundu

Nataka kusema juu ya jambo lililotugawa sisi wa Kidato cha Nne muhula huu, tangu bwenini hata bwaloni: je, yafaa tufanye sherehe ya Halloween usiku wa tarehe 31 Oktoba, kabla ya kuingia katika mtihani wa taifa? Wako wenzetu walioiona katika simu na sinema wakati wa likizo, wakarudi na habari za vinyago, mifupa ya kuchora na maboga yenye meno. Mmoja akasema atajipaka unga awe mzimu. Mwingine akasema yeye atakuwa mchawi: atajifunga khanga kuukuu, atashika mkongojo, na macho atayapaka rangi nyekundu. Bweni zima likacheka. Mimi sikucheka, na sababu nitaieleza.

Kwanza niseme kwamba siungani na wale wanaoipinga sherehe hii kwa neno moja tu, kwamba ni sikukuu ya shetani. Hao hawakuuliza asili yake. Zamani watu wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu iitwayo Samhain, ya mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi, wakati ng'ombe waliporudishwa kutoka malishoni. Waliwasha mioto mikubwa, nao waliamini kwamba usiku ule wafu huweza kuwatembelea walio hai. Katika karne ya 8 Papa Gregory III aliweka wakfu kanisa dogo mjini Roma kwa heshima ya watakatifu wote, na katika karne iliyofuata sikukuu yao ya tarehe 1 Novemba ikaenea Ulaya. Jina lenyewe la Halloween maana yake ni mkesha wa watakatifu. Tarehe 2 ikawa siku ya kuwaombea marehemu wote, na huko Uingereza maskini walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wakipewa mikate midogo, nao wakiwaombea wafu wa nyumba ile. Taa za kutisha zilichongwa kwa tanipu, mzizi mfano wa figili nene. Waireland walipokimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 walikuta Marekani maboga, ambayo ni makubwa na huchongeka kwa urahisi, wakaiacha tanipu.

Katika hayo Msukuma haoni ajabu kubwa. Wazee wetu nao walikuwa na masamva, yaani mizimu ya ukoo, ambao waliwekewa vibanda vidogo uani na kupewa pombe na chakula. Nasi tunazo ngoma za baada ya mavuno, Wagika na Wagalu wakishindana kwa nyoka na nungunungu mbele ya watu wengi. Hata kanisa limefanya hapa kama lilivyofanya kule: pale Bujora, karibu na Mwanza, sikukuu ya Ekaristi huadhimishwa pamoja na ngoma za Kisukuma, ikaitwa Bulabo. Basi anayesema jambo si letu kwa kuwa limetoka mbali, na aache pia kucheza mpira wa miguu, maana nao haukuzaliwa Usukumani.

Kosa dogo ni la kalenda. Hiyo ni sikukuu ya mavuno, na sisi Oktoba twatazama mawingu na kunoa majembe. Boga la kuchonga mwezi huo tutalipata wapi? Na tukilipata, mpishi wetu atatuacha tulitoboe macho?

Lakini kosa kubwa ni yale macho mekundu.

Bibi yangu, mama yake baba, aliishi mkoa wa Shinyanga. Wazee wetu wanakumbuka jinsi misitu ya huko ilivyofyekwa, kwanza kwa kuwafukuza mbung'o katika siku za Waingereza, kisha kwa mashamba ya pamba na kwa wingi wa mifugo, hata nchi ikabaki uchi. Ndiyo sababu mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa HASHI wa kuhifadhi ardhi na kurudisha ngitili. Mahali pasipo na kuni watu hupika kwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka na kwa mabua ya pamba. Bibi alipika hivyo zaidi ya miaka hamsini, katika jiko la udongo lisilo na dirisha. Moshi uliyafanya macho yake kuwa mekundu. Hakuna siri nyingine.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano mtoto wa jirani alikufa kwa homa. Watu wakaenda kwa mpiga ramli, naye akawaambia kwamba mkono uliotenda ni wa mwanamke mzee mwenye macho mekundu, upande wa magharibi. Tangu siku ile bibi akawa hasalimiwi kisimani. Alipopita, watoto niliocheza nao walikimbia. Usiku mmoja mawe yakaanguka juu ya bati. Baba hakungoja wakata mapanga. Alikodi gari kabla ya mapambazuko, akamleta bibi hapa Geita mjini na godoro lake na kuku wanne. Shamba lake la ekari mbili akaliacha. Sijamwona tena akilima, naye alikuwa mtu wa kulima.

Wasomaji wa kanda hii hawahitaji kuambiwa kwamba wengine hawakupata baba wa kukodi gari. Wala yule wa kujipaka unga asidhani mchezo wake ni mwepesi. Wako watu huwaita wenye ualbino mizimu, na Februari 2015, katika mkoa huu huu wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja mwenye ualbino alinyang'anywa mama yake, akaonekana amekwisha kuuawa.

Mwenzangu mmoja alinijibu katika mdahalo: "Mbona Wazungu huvaa kofia ya mchawi, wakacheka, na hakuna anayeuawa?" Swali ni zuri. Walakini wao pia waliua. Katika Scotland, nchi ile ile ya Halloween, sheria ya kuwaua wachawi ilipitishwa mwaka 1563, na wanaokadiriwa kupata 2,500 waliuawa, wengi wao wanawake. Mwaka 1590 walishtakiwa watu kwamba walikutana na Ibilisi katika kanisa la North Berwick usiku huo huo wa mkesha wa watakatifu. Sheria ile ilifutwa katika karne ya 18, na tarehe 8 Machi 2022 waziri mkuu wao, Nicola Sturgeon, aliomba radhi. Basi hao wanaocheka wana karibu miaka mia tatu tangu damu ya mwisho. Sisi hatuna hata kizazi kimoja. Sheria yetu ya Uchawi ni ya mwaka 1928 na ingali ikitumika. Nayo humkataza mtu kumwita mwenzake mchawi ovyo ovyo, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Wanaotaka vinyago na wavae: simba, fisi, hata mwalimu wa zamu kama yeye mwenyewe ataridhika. Kibuyu kikavu chaweza kuwa taa kama boga. Peremende zikikosekana, tuna matobolwa. Ile desturi ya kupita nyumba kwa nyumba naipenda, ila tuigeuze: tuwapelekee kuni wazee wanaoishi peke yao jirani na shule, na anayejua kujenga jiko lenye bomba la moshi aonyeshe wenzake. Mchawi na mzimu mweupe tuwaache nje ya lango. Nawe rafiki yangu uliyekwisha kuinunua ile rangi, mpe mwenye kinyago cha simba, itamfaa mdomoni.

Jumapili ya kutembelewa nilimweleza bibi habari ya boga linalochongwa meno na kutiwa mshumaa ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Na mbegu zake wanazikaanga?"