Vifaa vya Wazee Vipimwe Mkiwa

Wajapani wamekwisha kujaribu katika makazi yao ya wazee roboti aitwaye Paro, mwenye umbo la mtoto wa sili, ambaye huitikia akipapaswa. Kwingineko hujaribiwa saa za mkononi zinazomwarifu mwuguzi mzee akianguka. Hatuna ugomvi na maarifa hayo. Lakini iwapo vyombo vya namna hiyo vitaletwa kujaribiwa nchini, hapana budi tuulize vitajaribiwa wapi, na ni nani atakayetoa hukumu.

Jibu jepesi ni kuvipeleka kwenye makazi ya wazee ya Sukamahela, wilayani Manyoni, au Nunge, Kigamboni, kwa kuwa huko watumishi wapo. Hata hivyo, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba makazi hayo ni kimbilio la mwisho. Mzee atunzwe na jamaa zake. Basi wazee walio wengi wamo vijijini, kama vile Mkiwa, pale njia ya Itigi inapoachana na barabara kuu ya Singida na Dodoma. (Jina hilo, kwa Kiswahili, ni la mtu aliyeachwa peke yake.) Saa iliyofaulu penye mwuguzi wa zamu itamwita nani katika nyumba ya bibi na mjukuu, nao mjukuu asubuhi yuko darasani?

Tena kioo cha kugusa chadai vidole vyenye hisia. Ukoma huharibu neva za vidole, na wazee waliopatwa na maradhi hayo wangali nasi.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalieleza kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji vifaa saidizi, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Humo zimo miwani, shimesikio na viti vya magurudumu. Kumvisha saa ya ajabu mzee asiye na miwani ni mzaha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Dole gumba juu ya karatasi isiyoeleweka si ridhaa. Mwalimu na afisa ustawi wa jamii wamsomee mzee masharti kwa Kinyaturu, au kwa lugha aijuayo, na akikataa aachwe. Akikubali, mkataba utaje atakayebadilisha betri mwaka wa pili, na chombo kibaki mikononi mwake.